Tangulia Wewe, Mena

Trastevere, Roma
20 Januari 1944

Kaka yangu Tavio,

Juu ya bahasha nimeandika Mwadhama Kadinali, ili Sista Eutropia wa mlangoni asizimie. Humu ndani wewe ni Tavio.

Mzee Checco wa mboga amekubali kuwa tarishi wetu. Anasema siku hizi punda wake ndiye Mroma pekee anayepita kila kizuizi bila kuulizwa kitambulisho. Barua zako ataziacha kwenye lile dirisha letu la kuzunguka, la ubao unaomficha aliye ndani, chini ya brokoli, nami nitamrudishia za kwangu kwa njia hiyo hiyo. Usiandike marefu, maana brokoli za mwaka huu ni ndogo.

Nakuomba unga. Najua huko ndani ya kuta mna duka lenu na mkate unaofanana na mkate. Wetu ukiurusha ukutani unakurudia. Vikongwe wangu wangeweza kufunga tu, wamezoea, lakini tumepata wanovisi wapya wanne, ndio kwanza wanajifunza utawa, na wasichana wa umri ule wana njaa hata usingizini. Mmoja anaitwa Lia, katoka Trieste na fidla yake mkononi. Zaburi wanazijua kuliko sisi, ila kwa namna yao. Kunyamaza ndiko hawakujui. Juzi Lia alicheka katikati ya masifu ya jioni mpaka Eutropia akaangusha miwani. Nimewapenda sana, Tavio, na usiku nawaza juu yao.

Unalala wewe? Au bado unaamka kwenda kujaribu kitasa?

Dada yako,
Mena
(ambaye kwa wasiokujua ulipokuwa unalowesha godoro ni Mama Abesi Maria Geltrude)


Mji wa Vatikano
24 Januari 1944

Dada mpendwa,

Unga unakuja, nusu gunia, pamoja na maharage. Mpishi wangu Nazzarena ameguna kama vile ameng'olewa jino, lakini ametoa.

Wanovisi wanne katika majira ya baridi kama haya! Nimesoma mara tatu. Tangu Wajerumani waingie Roma mwezi wa Septemba sijapata habari moja ya kunifanya nicheke, na hii imenichekesha nikiwa peke yangu chumbani. Ila nisamehe, mimi ni mwanasheria hata nikiwa na furaha: je, walikaa miezi sita ya kujaribiwa kabla ya kuvaa shela? Una barua za maparoko wao? Na hiyo fidla, kanuni yenu inaruhusu? Nieleze vizuri, nisije nikasikia kwa watu kwamba dada yangu anavalisha shela kila anayebisha hodi.

Kulala, silali. Kutoka dirishani kwangu nauona mstari mweupe wa mpaka ambao Wajerumani wameuchora uwanjani, upande wa pili askari wao wanatembea na bunduki. Mstari wa chokaa tu, Mena. Mvua kubwa ikinyesha unafutika.

Na kazi ya Tume inanimaliza. Tuko makadinali watatu wa kutunga sheria za Mji huu, na mimi ndiye niliyeteuliwa mwisho. Desturi ya chumba chetu ni kwamba wa mwisho kuteuliwa ndiye wa kwanza kusema, asipate kujificha nyuma ya wazee. Aliyebuni desturi hiyo alinijua kabla sijazaliwa. Kila kikao nasema kwanza, na kila kikao nasema kile ninachodhani Rais wa Tume anataka kukisikia.

Jumapili nimealikwa chakula cha mchana. Walau safari hii nitakuwa na hadithi ya kusimulia mezani.

Kaka yako,
Ottavio


Trastevere
27 Januari 1944

Tavio,

Unga umefika, Mungu akulipe. Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza zamani. Habari ya wanovisi wangu usimwambie mtu. Si mezani, si ngazini, si kwa Nazzarena. Maswali yako ya sheria yaache mpaka nyakati zibadilike, nitayajibu yote nikiwa nimepiga magoti ukitaka.

Usiniulize kwa nini. Kaa kimya tu, kaka yangu, nakuomba sana.

Mena


Mji wa Vatikano
7 Februari 1944

Dada mpendwa,

Barua yako ya tarehe 27 nimeipata leo asubuhi. Checco alikuwa na homa, na punda wake bila yeye hajui njia. Kwa hiyo ombi lako limechelewa, na nadhani umejitia wasiwasi bure, kwa sababu kule mezani habari yako ilipokewa vizuri ajabu. Wote walipiga makofi. Aliyefurahi kupita wote ni Daktari Belloni, mtu mpole, mwenye kufahamiana na wakubwa wengi mjini. Aliuliza jina la monasteri, na wasichana wametoka wapi. Nikamsimulia ya fidla na Trieste. Akasema, "Wanne wakati huu wa baridi, Mwadhama! Huo ni muujiza wa kwenda kuangaliwa." Aliandika jina lenu kwenye kijikaratasi, nadhani anataka kuwapelekea sadaka.

Huku kwetu hofu imezidi. Wiki iliyopita nyumba moja ya watawa nje ya kuta za Roma ilivunjwa mlango, watu waliojificha humo wakatolewa na kupakiwa kwenye malori. Tangu siku ile Tume inakutana karibu kila siku. Siwezi kukueleza tunachoandika. Naweza kukueleza tu kwamba aliyepewa kalamu ni mimi.

Tuombee.

Ottavio


Trastevere
11 Februari 1944

Ottavio,

Jana walikuja wanaume wawili. Hawakuingia, maana ugo wa watawa hauingiwi na mwanamume na hao walikuwa Waitaliano, walibatizwa, hilo bado linawatia soni. Walisimama kwenye dirisha la kuzunguka wakazungumza na ubao. Mmoja alisema, "Tumesikia mna wanovisi wanne. Hongereni. Yule wa Trieste bado anapiga fidla?"

Wanne. Trieste. Fidla.

Eutropia alijibu kwamba yeye ni kiziwi. Wakacheka, wakasema watarudi wakiwa na mtu mwenye karatasi ya kufungulia milango.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeushika ukuta. Nilijiuliza nani kasema, nani kasema, mpaka barua yako ilipofika mchana na brokoli zake. Ulimi hauna mfupa, lakini wako, kaka, ungetafutiwa hata kipande cha ubao wa kuufungia.

Sasa nitaandika wazi, na ukimaliza choma. Hawa si wanovisi. Ni watoto wa Kiyahudi. Ile Jumamosi ya Oktoba, malori yalipozoa watu ng'ambo ya mto, hao wanne walivuka daraja wakitembea kama watu wanaokwenda sokoni, wakabisha kwetu. Mama zao na baba zao walikuwa ndani ya malori. Nilifanya nini? Nilifungua. Nilivunja ugo, nilivunja kanuni, nikawavika shela bila miezi sita ya kujaribiwa. Nilifikiri umenielewa tangu barua ya kwanza. Nilisahau kwamba wewe ukiambiwa "novisi" unatafuta kifungu cha sheria.

Hapa hawawezi kukaa tena. Wachukue wewe. Gari lako lina namba za Mji, halipekuliwi. Wapeleke ndani ya kuta, kokote, hata kwenye banda la kuni.

Naogopa kila gari linalopunguza mwendo mtaani kwetu.

Mena


Mji wa Vatikano
13 Februari 1944

Mena, Mena,

Nimetapika. Nakuandikia haya ujue nilivyo. Nilisoma barua yako nimesimama, nikatapika ndani ya beseni la kunawia, Nazzarena akadhani ni samaki. Barua yenyewe sikuichoma, angesikia harufu akauliza. Iko ndani ya soksi yangu.

Niliwauza kwa ajili ya kupigiwa makofi mezani. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nimeyamwaga mimi.

Lakini siwezi kuwachukua. Acha nikueleze lile nililokuficha, hata kama nakiuka kiapo. Amri ninayoiandika inasema hivi: kila mtu asiye na kazi ndani ya Mji atoke kabla ya Kwaresima, na nyumba ya mwenye kazi yeyote isiongezwe mtu. Unajua kwetu hakuna anayezaliwa raia. Uraia unakuja na kazi na kuondoka nayo, na mwenye kazi huruhusiwa watu wa nyumba yake, basi. Ila tangu Septemba nyumba za mapadre zimejaa watu wasio na kazi wala nyumba, unaelewa ni watu gani. Rais wetu anaogopa Wajerumani wakiwajua watavuka ule mstari, na wakivuka hakutabaki Mji wala Baba Mtakatifu wala chochote. Si mtu mbaya, Mena. Anaogopa, kama mimi. Alhamisi tutakaa, watatu tutatia sahihi, itabandikwa mlangoni pa ua na kuanzia hapo ni sheria.

Mimi nitasema wa kwanza. Nimeiandika mwenyewe, kila kifungu. Nitasema nini kingine?

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Watafutie mahali pengine, dada yangu. Nitatoa kila nilicho nacho. Nisichonacho ni moyo wa kufanya unachoniomba.

Ottavio


Trastevere
15 Februari 1944

Ottavio,

Mahali pengine nimeuliza. Kila nyumba ya watawa Trastevere imejaa "wanovisi", na hakuna mama mkuu anayefungua tena mlango kwa sababu ya yale ya nje ya kuta. Hakuna mahali pengine. Ni kwako au ni kwenye lori.

Umenitajia wahenga. Kwa mwoga huenda kicheko, ndiyo, lakini kicheko hicho ni cha nani? Hapa jana usiku Lia hakucheka. Aliniuliza, "Mama, mwenye kuwaambia alikuwa mtu anayetuchukia?" Nikamjibu hapana, alikuwa mtu aliyefurahi kwa ajili yenu. Akasema, "Basi mwambie asijute sana." Ana miaka kumi na saba. Nimeiandika ili uisome.

Unamkumbuka mbwa wa Ansovino mchinjaji, kwetu Sabina? Yule mweusi wa kwenye uchochoro wa kwenda shule. Kila asubuhi ulisimama pale pembeni ukashika aproni yangu ukasema, "Tangulia wewe, Mena." Nikatangulia. Hukuwahi kujua kwamba na mimi nilimwogopa yule mbwa. Ila nyuma yangu kulikuwa na mtu mdogo kuliko mimi, sasa ningefanyaje?

Nimetangulia miaka yote, na sasa nimefika mahali ambapo mguu wangu haupiti. Mimi niko nyuma ya ukuta kwa nadhiri. Wewe una gari, una joho jekundu, na kwenye chumba chenu mna desturi inayokulazimisha kusema wa kwanza. Mungu ana utani wake.

Sitaandika tena mpaka nisikie kilichotokea Alhamisi. Usiponiletea habari nitajua.

Mena


Mji wa Vatikano
18 Februari 1944

Dada yangu,

Ilikuwa jana. Soma polepole.

Nilikwenda bila kujua nitasema nini. Hilo lazima ulijue, nisije nikajifanya jasiri. Mezani palikuwa na amri yangu, imepigwa chapa safi, na wino wa sahihi. Rais wetu aliisoma yote. Alipofika kifungu cha nne, kile cha nyumba isiongezwe mtu, alisimama akanisifu kwa ufasaha wake. Kisha akasema kama kila siku, "Tusikie mdogo wetu."

Nikanywa maji. Nikasema, "Waadhama, mwandishi wa amri hii ni mimi, na nawaomba msiitie sahihi. Niliiandika kwa woga. Kila kifungu kina jasho langu. Nimeandika vizuri jambo baya."

Rais akauliza, "Na wakivuka mstari, Ottavio?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Nikamwambia, "Wakitaka kuvuka watavuka, hata tukiwatoa watu wote tukabaki sisi na paka. Lakini tukiwatoa watu hawa, sisi wenyewe ndio tutakaokuwa tumevuka." Sijui niliyatoa wapi maneno hayo. Halafu nikaanza kulia, Mena, kama mtoto, nikaficha uso kwenye kofia.

Akageukia mzee wetu wa pili, yule asiyesikia vizuri, ambaye kwa kawaida husema "naunga mkono" na kurudi kusinzia. Mzee akasema, "Mdogo amesema. Nami ni hivyo hivyo." Rais akavua miwani, akaikunja ile karatasi. Akasema amri itapelekwa kwa Baba Mtakatifu ili aitafakari, baada ya Pasaka, kama itahitajika. Unajua Roma. Kuahirisha ndiyo namna yetu ya kuzika.

Kwenye ngazi yule mzee alinishika bega. "Wiki mbili," akasema, "nimekuwa nikiomba mtu mwingine aanze."

Basi. Sheria ya zamani inabaki, na sheria ya zamani inasema kadinali ana haki ya watu wa nyumba yake, nao wanakaa ndani ya Mji pamoja naye. Nina upungufu mkubwa wa masista wa jikoni. Nahitaji wanne. Jumatatu baada ya misa ya asubuhi nakuja na gari. Kadinali akija kwa shughuli ya Kanisa anaingia ugoni bila kuvunja kanuni, hilo nimelitazama mara mbili kitabuni. Wawe tayari na shela zao. Fidla ibaki, boksi lake lingesema kabla yetu.

Naogopa safari hiyo kuliko kifo. Lakini nakuja.

Ottavio


Mji wa Vatikano
22 Februari 1944

Mena,

Checco akikufikia na hii ujue tumefika wazima, wote wanne.

Hukuona ya darajani. Walitusimamisha. Kijana mmoja wa wanamgambo, ndevu hazijaota, alichungulia ndani akaona masista wanne wamebanana nyuma na mmoja wao amekalia koti langu. Akashika bunduki vizuri. Mimi akili ilikuwa imekimbia kabisa, na mkono wenyewe ukatoka dirishani, na pete. Naye akapiga goti kwenye tope, akaibusu, maana mama yake alimfundisha hivyo tangu utotoni. Mkono ulitikisika mpaka pete ikamgonga meno. Akasema, "Mwadhama ana baridi, mpitisheni haraka." Nyuma yangu Lia alianza kucheka kimya kimya, kile kicheko cha hofu, nikahisi kiti kinatetemeka mpaka tulipovuka ule mstari.

Wanalala chumba cha vitabu. Nazzarena amewavika aproni na kuwapa vitunguu. Mpaka sasa wameunguza supu mbili na sufuria moja. Mimi ni kadinali mwenye wapishi watano na sina cha kula. Sijawahi kushiba hivi.

Mbona huniambii kama wale wanaume wamerudi?

Tavio


Trastevere
25 Februari 1944

Tavio,

Wamerudi. Jana, siku ya pili ya Kwaresima, wakiwa na ile karatasi na Mjerumani mmoja asiyesema kitu. Walipita kila chumba. Vikongwe wangu walisimama ukumbini wakisali rozari kwa sauti, na Eutropia aliendelea kuwa kiziwi. Hawakupata mtu. Walipata fidla.

Nilisahau kuificha, Tavio. Ilikuwa kwenye kabati la sakristia, nami nikasahau kwa sababu nilikuwa nimezoea kuiona. Mkubwa wao akaiweka mezani akaniuliza ya nani. Nikasema ya kwangu. Akasema, "Basi tupigie, Mama."

Miaka sitini na minane ninayo, sijawahi kushika kitu kile. Nikamtazama nikamwambia, "Mwanangu, ni Kwaresima. Humu vyombo vyote vimenyamaza mpaka Pasaka. Mama yako hakukufundisha?" Akawa mwekundu, maana alifundishwa. Waitaliano wawili wakainamisha vichwa. Mjerumani akauliza nini kimesemwa, wakamtafsiria, naye akatabasamu. Kisha akasema sentensi moja, nami wakanitafsiria: Jumatatu saa tatu asubuhi nifike kwenye nyumba yao ya kuhojia watu, ile ambayo Waroma wakiipita wanavuka barabara. Nifike na fidla, na nieleze wanovisi wanne wameenda wapi. Nisipokwenda watakuja kuchukua vikongwe.

Nitakwenda. Nitasema sijui, na nitaendelea kusema sijui.

Lakini sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na usinicheke. Naogopa. Sikuogopa hivi hata siku ya malori. Usiku nasikia meno yangu. Nimekuwa mama wa watu miaka thelathini, na leo sina mtu mdogo nyuma yangu wa kunifanya nijikaze, maana umewachukua wote. Nikiufikiria ule mlango miguu inakataa.

Wasichana wasijue. Mwambie Lia vitunguu hukaangwa kwa moto mdogo.

Mena


Mji wa Vatikano
27 Februari 1944, Jumapili

Mena,

Jana nimejiuzulu kwenye Tume, ili isisemwe kwamba kesho Mji ndio ulionituma. Rais wetu alinikatalia mara mbili, ya tatu akanikumbatia. Joho ninabaki nalo, kwa hiyo nyumba yangu bado ni nyumba na walio jikoni ni salama. Na nisiporudi, mzee wetu wa pili atawahamishia jikoni kwake. Nimemwonya kuhusu supu. Anasema hasikii vizuri, na kuonja vilevile.

Lia alisoma uso wangu akajua. Alinifundisha jinsi ya kubeba fidla, mkono chini ya shingo ya boksi, lisining'inie.

Kesho usitoke peke yako. Kaa ndani ya mlango mpaka usikie gari. Ruhusa yako ya kutoka ugoni nimeiandika, ila simpi Checco, naileta mwenyewe. Fidla nitaibeba mimi. Nitawaambia kwamba aliyesimulia habari za wanovisi mezani ni kadinali mjinga apendaye kupigiwa makofi, kwamba aliongeza chumvi, na kwamba kadinali huyo ndiye amesimama mbele yao, wamuulize yeye. Hilo walau ni kweli, na nitalisema vizuri.

Sina ujasiri wowote mpya. Nimetapika tena leo, na mara hii Nazzarena hakuuliza. Lakini nimepata kujua ulichokijua wewe pale uchochoroni. Mtu akiwa na mwenziwe nyuma yake miguu inakwenda.

Checco ananiambia mlango wa nyumba ile ni mwembamba, watu wawili hawapiti sambamba. Ni sawa. Utashika mkono wa joho langu, kitambaa ni kizuri, hakichaniki. Nitatangulia mimi.

Tavio